Akaunti ya Port Louis

Sehemu ya tisa

Umeme ulikatika, skrini ikazimika, na Brigitte Mushiya akabaki anautazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi cha kompyuta. Maneno ya mwisho ya yule mama wa benki aliyekuwa anamhoji kwa video, hata hivyo, yalikuwa yameshafika.

"Madame, kampuni yako tayari ina akaunti kwetu. Ilifunguliwa mwezi wa pili, kwa sahihi yako."

Msomaji uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, usipate tabu, njoo nikushike mkono. Brigitte ni mhandisi wa miamba na udongo, miaka arobaini, mtoto wa Wakasai, watu wa jimbo jirani la Kasai, waliokuja Katanga kwa kazi ya migodi. Kazi yake ni kupima vilima vya Kolwezi na kusema kipi kitasimama na kipi kitawaangukia watu. Kampuni yake ya ushauri ameisajili Port Louis, kisiwani Morisi, kwa sababu wateja wa Ulaya hawataki kusikia habari ya kutuma malipo Kongo. Kilichokuwa kimebaki ni kuchagua benki huko nje.

Basi alichagua, jamani, alichagua. Wiki kumi na moja alikuwa na jedwali lake la safu tatu. Benki ya Johannesburg ilitaka aende mwenyewe ana kwa ana, na aache kiwango cha fedha kisichoguswa. Benki ya Dubai iliahidi kumaliza kila kitu kwa siku mbili, ila ilikata ada kila mwezi hata kama hakuna kilichoingia. Ya Port Louis ilidai makaratasi kana kwamba unaomba kuingia mbinguni, lakini ada yake ilikuwa ndogo, na mhandisi aliye porini angeweza kuhojiwa kwa video. Mchana huu ndipo alipokata shauri: Port Louis. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyempata mchumba wa mwanawe.

Na jambo la pili, ambalo hata wewe uliyesoma kila wiki usilisahau. Siku kumi zilizopita, mvua ikinyesha, kilima cha Mutambala kiliwafunika wachimbaji wadogo. Walitolewa maiti kumi na tisa. Mwendesha mashtaka alisema redioni kwamba kuna ripoti iliyotangaza kilima kile ni salama, na kwamba anamtafuta mhandisi aliyeitia sahihi. Jina hakulitaja. Brigitte alisikiliza redio ile jikoni kwake na akamlaani mhandisi huyo kwa sauti, kama kila mtu mjini.

Hapo ndipo tulipo.

Alichukua simu, akanunua mega za intaneti za kutosha, akaunganisha tena. Ilikuwa saa saba mchana Kolwezi. Port Louis ilikuwa saa tisa, na benki ile hufunga saa kumi.

Yule mama alijitokeza, nadhifu, miwani mnene, Kifaransa kilichopigwa pasi. Alisema hana la kumficha mkurugenzi wa kampuni. Akaunti ilifunguliwa bila mahojiano, kupitia wakala mmoja wa hapo kisiwani, kwa barua iliyotumwa kutoka Kolwezi. Akatuma faili lote. Akamwomba Brigitte alisome, halafu warudi kwenye kamera baada ya nusu saa, kwa sababu kitengo chao cha ukaguzi kina swali moja la kumuuliza na hakilali na swali.

Brigitte alifungua faili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa barua ya kuomba akaunti. Nembo ni yake. Muhuri ni wake. Na chini, ile sahihi yake yenye mkia mrefu unaorudi nyuma kukata herufi M. Aliikuza kwenye simu, akatafuta mahali mkono wa mwizi ulipotetemeka, hakupaona.

Ukurasa wa pili ulionyesha kwamba malipo yaliingia mara moja tu, kutoka kwa chama cha ushirika cha wachimbaji kinachoongozwa na bwana Benoît. Sababu ya malipo iliandikwa wazi: ripoti ya usalama wa kilima, Mutambala.

Kuanzia ukurasa wa tatu ilikuwa ripoti yenyewe, kwa sentensi alizohisi amewahi kuzisoma, na sahihi yake chini.

Mhandisi aliyekuwa anamlaani jikoni alikuwa yeye.

Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Hakuwahi kuandika ripoti ya Mutambala mwaka huu, hilo alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Lakini gerezani huulizwi unachokijua, unaulizwa kilichoandikwa. Akiwa na karatasi hii mbele yake, mwendesha mashtaka hatahitaji shahidi mwingine.

Ndipo akazikumbuka karatasi za Jumatatu.

Ofisi nyingi za Kolwezi zinaendeshwa hivyo, wala si siri. Bosi yuko porini, Tenke leo, Lubudi kesho, simu haishiki, barabara ni matope. Huku nyuma gari la kazi limezuiwa kwenye kizuizi na askari anadai hati ya safari yenye sahihi mbichi ya wino. Kwa hiyo kila Jumatatu, kabla ya kuondoka, bosi hutia sahihi karatasi kumi tupu zenye nembo, na kumwachia mtu mwaminifu. Yule mtu hujaza maneno yanapohitajika. Brigitte amefanya hivyo miaka sita. Hakuwahi kuzihesabu zilizobaki, kwa sababu anayezitunza ni mzee, na kumhesabia mzee karatasi mbele ya macho yake ni kumwambia kwamba yeye ni mwizi.

Lakini wazo lake la kwanza halikwenda kwa mzee. Lilikwenda kwa Sadrack, fundi wake wa vipimo, ambaye zamani alikuwa na ufunguo wa pili wa droo ya karatasi hizo. Ni rahisi kumshuku kijana. Akampigia, akamkuta Tenke juu ya mashine ya kutoboa, akamuuliza bila salamu karatasi zake amezipeleka wapi.

Sadrack alijibu taratibu, na kwa huzuni zaidi kuliko hasira.

"Mama, mi siko tena na ule ufunguo. Nilirudishia tata Mathieu mwezi ya kwanza. Yeye mwenyewe alinilomba."

Tata ni baba; tata Mathieu ndiye yule mzee anayetunza karatasi. Sadrack akaendelea, akishusha sauti.

"Na usitoke mu bureau, mama. Ile rapport ya Mutambala iko inatembea mu batelefone tangu asubui. Jina yako njo iko chini. Banasema ni Benoît aliituma, juu batu basimuangalie yeye. Na sasa banatosha maiti ya Dodo ku morgue."

Dodo alikuwa mchimbaji kutoka Lubudi, wa mwisho kufukuliwa, na sasa alikuwa anatolewa mochari. Msomaji wa mbali pengine hajui vijana hapa wanavyomzika mwenzao aliyekufa vibaya. Jeneza hawaliweki garini. Hulibeba mabegani na kuliacha liwavute, kwa maana husemwa kwamba maiti mwenyewe huwaongoza wabebaji mpaka kwa aliyemuua. Hulifikisha mlangoni kwake na kulitua hapo. Baada ya hapo, mwenye nyumba na Mungu wake.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Aliingia Kalombo Mathieu, miaka sabini na moja, suti ya kahawia, kofia mkononi, katibu, mhasibu na mtunza droo. Mtu wa pekee duniani ambaye Brigitte humwita tata na kumaanisha.

Alimwangalia Brigitte, akaiangalia simu iliyokuwa mezani na ile sahihi ikiwa imekuzwa kujaza kioo. Hakujifanya haelewi.

"Njo mi, mutoto wangu," alikiri. "Mi njo nilifungula ile compte ya Port Louis."

Brigitte alitaka kupiga kelele, na sauti ikatoka ndogo.

"Juu ya nini, tata?"

Mzee aliketi kwenye kiti cha wageni, si chake. Alieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kujihukumu siku kumi nzima. Mwezi wa pili Benoît alikuja ofisini akitafuta ripoti, tayari kulipa popote atakapoambiwa, kwa kuwa bila ripoti asingepewa ruhusa ya kuchimba. Brigitte alikuwa porini wiki tatu. Mteja wa Ubelgiji alikuwa ameandika mara mbili akiuliza namba ya akaunti ya nje, na Brigitte bado alikuwa anaongeza mistari kwenye jedwali.

"Ulikuwa unachagula," alisema. "Wiki inapita, unachagula. Bazungu banangoya, bafanyakazi banangoya. Mi nikaona mutoto iko anapotesha kazi yake mbele ya macho yangu. Nikachagula mu nafasi yako. Nilisema siku yenye utachagula Port Louis, utakuta mulango iko wazi."

"Na rapport?"

"Rapport ni yako. Ile ya mwaka yenye ilipita, ya mwezi ya saba. Sikuongeza hata neno moya. Nilibadirisha tu tarehe."

Brigitte alifumba macho. Kumbe ndiyo sababu sentensi zile zilimjia kama amezisoma mahali. Ni kweli, mwezi wa saba aliandika kwamba kilima cha Mutambala ni imara. Ardhi ilikuwa kavu, mashimo hayakuzidi mita nane, na chini ya kila ukurasa aliandika kwamba maneno hayo yanadumu mpaka mvua ya kwanza tu. Mwezi wa pili watu walikuwa wameshuka mita thelathini, shimo likipita chini ya shimo, na maji yakiingia kila usiku.

"Mwezi ya saba ilikuwa saison sèche, tata. Niliandika vile, chini, kila page."

"Niliona. Ile mustari niliitosha, ilikuwa inaaribu barua." Mzee alizungusha kofia yake vidoleni. "Mi niko muntu ya makaratasi. Kilima ilikuwa ile ile."

Kumi na tisa, msomaji. Kwa mstari mmoja uliofutwa ili ukurasa upendeze.

Brigitte alimchukia. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao dakika ile. Alitaka kumshika kola ya ile suti ya kahawia na kumtikisa. Na papo hapo akamwona ndani ya suti nyingine, mwaka 1993, katika stesheni ya Kolwezi, Wakasai walipofukuzwa Katanga na familia zikalala wiki baada ya wiki kando ya reli zikingoja treni. Baba yake Brigitte alifia pale, kwa kuhara, na kuzikwa bila jeneza. Aliyemwinua mtoto wa miaka minane na kumpandisha behewani alikuwa mfanyakazi mwenza wa baba, huyu huyu Mathieu. Alifika naye Mwene-Ditu, huko Kasai, akampeleka shule, na mahali palipoandikwa sahihi ya baba akaweka yake.

Unamchukiaje mtu kama huyo mpaka mwisho?

Simu ikaita. Nusu saa ilikuwa imekwisha.

Mama wa benki alikuwa ameongeza mtu pembeni yake, mwanamume asiyejitambulisha, kalamu mkononi. Alieleza kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Kisha akasema kwamba swali ni moja, na jibu lake litaandikwa kama lilivyotamkwa. Brigitte akijibu ndiyo, akaunti ni yake pamoja na kila kilichopita ndani yake, na benki itamjibu hivyo mwendesha mashtaka wa nchi yoyote atakayeuliza. Akijibu hapana, akaunti itafungwa saa hii hii, na kesi ya kughushi itapelekwa polisi wa Port Louis na wa Kongo, pamoja na jina la aliyetuma bahasha. Jina hilo lipo kwenye risiti ya posta, alisema, na akalisoma polepole: Kalombo Mathieu.

Mwenye jina alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye simu, nje ya kamera, amenyooka kama mtu aliye kanisani.

"Je, madame, sahihi iliyo chini ya barua hii ni yako?"

Kutoka upande wa barabara kuu ulianza kusikika wimbo. Sauti za wanaume, nyingi, nzito, zikiitikiana, na vishindo vya miguu inayokimbia kidogo, inasimama, inakimbia tena. Hivyo ndivyo jeneza linavyotembea linapotafuta mlango.

Brigitte alijaribu ukweli. Alisema kwamba sahihi aliitia yeye, ila karatasi ilikuwa tupu, na maneno yaliyo juu yake si yake.

Mwanamume wa kalamu aliinua kichwa. Mama wa benki alivua miwani.

"Sijauliza habari ya maneno," alisema. "Kwenye fomu yangu kuna visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Na sikushauri kumwambia mtu yeyote mwenye mamlaka kwamba huwa unatia sahihi karatasi tupu. Mwenye kampuni anayefanya hivyo anabeba kila kitakachoandikwa juu ya karatasi hizo."

Ukweli, basi, ulikuwa unaelekea gerezani kwa mlango mwingine.

Tata Mathieu aliinama mbele, akamgusa kiwiko. Alinong'ona.

"Sema hapana."

Brigitte alitikisa kichwa.

"Mi nimekwisha kuishi, mutoto wangu. Mi njo nilitosha ule mustari. Sema hapana."

Wimbo ulikuwa umekaribia. Sasa maneno yalisikika, na katikati ya maneno, jina: Mushiya. Mwenye duka jirani alikuwa anashusha mlango wake wa bati kwa haraka.

Ningependa kukuambia kwamba Brigitte alipigana na nafsi yake muda mrefu. Hakupigana. Aliogopa, na uoga ulimjibia. Aliona geti la gereza, akaona miaka, akaona jina lake likitemewa mate na wajane kumi na tisa, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapana," alisema. "Si yangu."

Kalamu iliandika. Mama wa benki alirudisha miwani yake.

Tata Mathieu alifunga kifungo cha koti. Alisimama, akaweka ufunguo wa droo juu ya meza, akavaa kofia. Hakumtazama, na Brigitte alishukuru kwa hilo, akajionea aibu kwa kushukuru. Mzee alifungua mlango wa ofisi, akatoka, akaufunga nyuma yake taratibu, kama anavyofanya kila jioni anapokwenda nyumbani. Hatua zake zilivuka ua. Komeo la geti likalia.

Wimbo ulikatika ghafla.

Halafu sauti moja ya kizee, kavu, isiyopandishwa, ikaanza kusema na umati. Maneno hayakufika ndani. Brigitte aliegemea meza kwa mikono yote miwili, machozi yakimtiririka mbele ya kamera, na hakujali nani anamwona.

Kulikuwa na kishindo cha kitu kizito cha mbao kikitua chini, mbele ya geti.

"Asante, madame," alisema mama wa benki, kwa upole uleule. "Nimeandika hapana. Imebaki hatua moja fupi, tunaifanya katika kila kesi ya kughushi. Mwenzangu hapa ni mtaalamu wa maandishi. Mchana huu ulipoomba akaunti mpya ulitutumia pasipoti yako, nayo ina sahihi yako halisi. Anaiweka kando ya ile ya barua sasa hivi, usikate simu."